Picha Ipo, Sauti Hakuna

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika, watu wanapita kwa ubavu. Ukutani televisheni ishirini na mbili zilionyesha kasuku mmoja yuleyule akigeuza shingo, na chini yake watu walishikashika rimoti, wakaulizana bei, wakakanyagana na kuombana radhi. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini na moja, blauzi ya buluu imenyooshwa pasi ikanyooka, nywele zimesukwa mistari myembamba ya kurudi nyuma. Kifuani alivaa beji ya plastiki iliyoandikwa MSHAURI WA WATEJA. Kwa sababu ya beji hiyo dukani kila mtu alimwita Mshauri, na yeye mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukubali.

"Samahani dada," sauti ilisema nyuma yake. "Nimesimama hapa mpaka kasuku ameanza kunisalimia."

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, mikono ya shati imekunjwa mpaka viwikoni, na shingoni kwake kulikuwa na kioo kidogo cha kukuzia kilichoning'inia kwa uzi mweusi. Alishika diski ya kompyuta iliyofungwa kwenye leso kana kwamba ni yai.

"Pole kaka. Nikusaidie nini?"

"Humu mna video za nyumbani za miaka mingi. Nataka mama azitazame kwenye televisheni. Simu inamuumiza macho. Kuna mashine ya kuchomeka diski hii nyuma ya televisheni, video zikacheza?"

"Zipo za aina nne."

"Basi unichagulie wewe. Mama ana mkono mmoja tu unaomtii vizuri, kwa hiyo rimoti isiwe na vitufe vingi kama nyota. Na nyumbani hakuna intaneti."

Mshauri aliijua kazi yake. Alijua kwamba hapo alipaswa kuuliza video zilipigwa kwa kamera gani, mwaka gani, na faili zake ni za aina ipi. Ndiyo maswali aliyomwuliza kila mteja. Lakini asubuhi ile mwenye duka alikuwa amemwonyesha rafu ya chini na kumwambia, "Hivi visanduku vyeusi viishe kabla ya mzigo mpya. Sina pa kuuweka." Na Mshauri alivijua visanduku vile. Alikuwa amevijaribu yeye mwenyewe. Video za simu mpya vilizicheza bila shida. Kwa video za kamera za zamani vilionyesha picha tu, sauti hakuna, na vyenyewe havikuwa na dawa.

Macho yake yakaenda rafu ya chini, mkono ukafuata.

"Hiki," akasema. "Rimoti yake ina vitufe vinane tu."

"Kinasoma kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata kiganja?"

Mshauri akacheka, na kicheko chenyewe kikammalizia uongo. Mwanamume yule akacheka naye, akasema yeye ni fundi saa, kibanda chake kipo mtaa wa pili chini ya ngazi za jengo la bima, na kama saa yake itasimama ajue pa kwenda. Akaondoka na kisanduku kwapani. Mlangoni aligeuka kumtazama tena, akamgonga mama mmoja aliyebeba feni.

Jumatatu akarudi.

"Mshauri, nimekuja na ujinga wangu," alisema akiweka kisanduku mezani. "Picha ipo, sauti hakuna. Nimefanya kila ninachojua."

Mwenye duka alikuwa hatua tatu kutoka pale, akizungumza kwa simu. Visanduku vile havikuwa vya kurudishwa. Mshauri alihisi maneno ya kweli yamemfika mdomoni kabisa, akayameza.

"Labda hukubonyeza vizuri," akasema. "Ukiingia kwenye mipangilio utaona sehemu ya sauti. Shika kitufe cha katikati mpaka taa iwake."

Taa ya kisanduku kile ilikuwa ikiwaka muda wote. Fundi Saa alitoa kalamu, akaandika maelekezo hayo nyuma ya risiti kwa mwandiko mdogo, mzuri, kila herufi mahali pake.

Jumatano akarudi tena. Alhamisi akapiga simu.

"Nimeshika mpaka kidole kimekufa ganzi."

"Umeshika kwa muda gani?"

"Nimesema salamu zote ninazozijua, nikaanza upya."

"Hapo huenda ulizidisha."

"Basi ni mimi. Mshauri, vidole hivi vinashika skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Leo rimoti ya vitufe vinane inaniaibisha mbele ya mama yangu."

Alilisema kwa mzaha, lakini mwishoni sauti ilimpwaya. Mshauri alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma za duka, mkate wa mchana mapajani. Angeweza kusema pale pale. Hapakuwa na mwenye duka, hapakuwa na mteja. Jambo lililomzuia hakuwahi kumwambia mtu kwa muda mrefu: alikuwa ameanza kumsubiri. Asubuhi alipopaka mafuta usoni alijiuliza kama leo kisanduku kitamleta. Kikipona, atakuja kwa sababu gani?

"Labda una haraka," akamwambia. "Njoo kesho nikuonyeshe hapa hapa."

"Kesho nitakuja hata kama kimepona," Fundi akasema.

Wakaanza kula mchana pamoja. Yeye alileta mkate na mayai, Fundi alileta chai kwenye chupa na machungwa aliyoyamenya kwa kisu chake cha kazini, ganda moja refu bila kukatika. Alimsimulia juu ya saa za watu, jinsi mtu anavyoweza kuleta saa mbovu ya marehemu na kuomba isitengenezwe, isafishwe tu. Alimwita Mshauri kwa namna ya kulivuta jina, "Mshauri wangu," na siku ya kwanza alipoongeza hilo "wangu," binti wa watu alitazama viatu vyake. Jina lilikuwa tamu na lilimchoma kwa wakati mmoja.

Baada ya wiki mbili Fundi akasema, "Njoo Jumapili ukione mwenyewe hicho kisanduku kikiwa nyumbani. Na mama anataka kumwona huyo anayenifanya nichane nywele."

Alivaa gauni la kijani lenye maua meupe, viatu vya chini, akajipulizia manukato ya dada yake bila ruhusa. Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili na sebule, sakafu imepigwa deki ikang'aa. Mama alikaa kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha, kitambaa cha zambarau kichwani, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama kitu cha kuazimwa.

"Shikamoo mama."

Midomo ya mama ilihangaika. Ilichukua muda. "Ma-rahaba," akasema, na tabasamu lake likapanda upande mmoja.

Fundi alimweleza kwa sauti ya chini walipokuwa jikoni wakitia chai. Kiharusi kilimpata miezi minane iliyopita. Mama alikuwa mwalimu wa chekechea kwa miaka thelathini, mtu wa hadithi na nyimbo, mtu ambaye sauti yake ilisikika kabla hajafika. Sasa maneno yalimjia moja moja, mengine hayakuja kabisa. Mtaalamu wa usemi hospitalini alishauri kila asubuhi asikilize sauti yake mwenyewe ya zamani, aifuate, neno kwa neno. Na Fundi alikuwa nazo, video arobaini na tatu, alizompiga darasani tangu enzi za kamera ya kwanza aliyoazima.

"Ngoja uone," akasema.

Akawasha. Kwenye televisheni akatokea mama mwingine, mnene kidogo, gauni la rangi ya machungwa, amesimama mbele ya watoto waliokaa chini. Alipiga makofi, akafungua mdomo, akaimba. Watoto wakafungua midomo. Chumba kizima kilikuwa kimya, ukasikia hata birika likipoa jikoni.

Mama kwenye kiti akageuza uso ukutani.

"Siku ya kwanza alidhani ni yeye," Fundi alinong'ona. "Alidhani masikio nayo yamekwenda. Akawa anagonga meza kwa mkono wa kushoto, ajipime kama bado anasikia. Aligonga, aligonga. Nami nisiweze kumweleza, maana sijui nimekosea wapi."

Mshauri alikuwa ameshika rimoti. Alitamani sakafu ile safi ifunguke. Maneno yalikuwa machache tu: kaka, hukukosea, mimi ndiye. Watu wawili walikuwa mbele yake, mmoja amegeuka ukutani, mwingine anamtazama kwa matumaini.

"Nipe diski," akasema. "Nitazitengeneza."

"Unaweza?"

"Nitajaribu."

Kuanzia Jumatatu hakula mchana. Alikaa chumba cha nyuma cha duka mbele ya kompyuta, akichukua faili moja moja ya kamera ya zamani na kuibadili iwe ya aina ambayo kile kisanduku kilikubali. Video ya nusu saa ilimla saa nzima. Alizisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, na hivyo akasikia yote: mama akiwafundisha watoto kuhesabu vidole, mama akimkaripia mmoja aliyekula chaki, mama akicheka kicheko kirefu kilichomlazimu kushika ukuta. Kila faili ilipokamilika alijiambia kwamba analipa. Kisha alijua kwamba kulipa kimyakimya ni kujificha tu.

Alipeleka kumi za kwanza kwenye flashi. Kesho yake Fundi alimpigia.

"Usiseme kitu. Sikiliza."

Kwenye simu alisikia sauti kubwa ya mama wa kwenye televisheni, "Twende, watoto, twende," na chini yake, kwa kukwaruza, sauti nyingine ikivuta, "Twe... twende." Kisha tena. "Twende."

"Umesikia?" Fundi alisema, na pumzi yake ilikuwa imekatika. "Umesikia, mpenzi wangu? Hilo neno hakuwahi kulisema tangu augue. Sijui nikushukuru vipi. Mimi ningemharibia kila kitu na huu ujinga wangu."

"Wewe si mjinga," alisema haraka.

"Unanihurumia tu."

"Nakwambia wewe si mjinga."

"Basi ni mjinga anayekupenda. Hapo je, utanikatalia?"

Alisema naye anampenda. Ilikuwa kweli tupu, na alipokata simu alijiona mchafu kuliko siku alipodanganya.

Dada yake mkubwa, mpishi wa shule aliyekaa naye chumba kimoja, alimtazama akirudi na uso ule. "Mdogo wangu, watu wakipendwa hunenepa. Wewe mbona unakauka?"

"Nimechoka tu."

"Haya," dada alisema, naye hakuamini hata kidogo.

Video ishirini na sita zilikuwa zimekwisha siku ile mzee mwenye koti la kahawia alipoingia dukani. Alikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko kisanduku cheusi. Mwenye duka alikuwa kaunta, anapanga betri.

"Binti," mzee alisema kwa unyenyekevu, "sijui nimefanya nini. Picha ipo, sauti hakuna."

Mshauri alimtazama mwenye duka. Akasikia mdomo wake ukisema, kwa ulaini wa mtu aliyezoea, "Labda hukubonyeza vizuri, baba. Ukiingia kwenye mipangilio utaona sehemu ya sauti. Shika kitufe cha katikati mpaka taa iwake."

Mzee akapapasa mfukoni, akatoa kalamu na risiti, akaanza kuandika. Mshauri alipoinua macho, Fundi Saa alikuwa amesimama chini ya zile televisheni, mfuko wa machungwa mkononi.

Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayesikiliza saa sikioni ili ajue hasa imeharibika wapi. Akasogea, akaweka mkono juu ya risiti ya mzee.

"Usiandike, mzee wangu. Hujakosea kitu."

Kisha akamgeukia Mshauri. "Na mimi sikukosea. Siyo?"

Mshauri akautazama mfuko wa machungwa.

"Ulijua tangu Jumamosi ile?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Mama yangu aligonga meza," Fundi akasema taratibu. "Nilikusimulia hilo, ukiwa umeshika rimoti."

Akaweka machungwa juu ya kaunta, kwa upole, yasibingirike, akatoka.

Alimpigia jioni ile mara tano. Simu iliita mpaka ikakatika. Aliandika ujumbe mrefu, akaufuta. Akaandika mfupi, "Nisamehe," akauona mwepesi kama karatasi ya pipi, akaufuta nao. Ndipo alipomweleza dada yake yote, kuanzia rafu ya chini. Alilia mpaka kwikwi ikamshika.

Dada alimsikiliza akiwa anachambua mchele. Hakumkatiza. Mwishowe akasema, "Usinililie mimi. Mimi sikuuziwa kitu."

"Nifanye nini sasa?"

"Umeuza vingapi?"

Hilo hakuwa amejiuliza. Asubuhi alifungua kitabu cha risiti na kuhesabu. Vilikuwa tisa. Watu tisa katika mji ule walikuwa wamekaa mbele ya televisheni zao wakijiona wajinga. Akaenda kwa mwenye duka na kitabu mkononi, akamwambia anataka kuwapigia wote wavirudishe na wabadilishiwe.

"Unataka kunifungia duka?" mwenye duka aliuliza.

"Uliniambia viishe."

"Nilikwambia viishe. Sikukwambia useme vinasoma kila kitu." Alimtazama kwa muda, akavuta pumzi. "Ungeandika tu kwenye karatasi, ni vya video za simu. Wangenunua wenye simu."

Kumbe hata ile lawama aliyokuwa akimtupia kimoyomoyo haikuwa na pa kusimama. Mwenye duka akamruhusu apige simu. Ila alinyoosha kiganja, na Mshauri akabandua beji kifuani, akaiweka pale. Kuanzia siku ile alikaa stoo, akipanga maboksi.

Alipiga simu nane akiwa amesimama katikati ya maboksi hayo. Alikataa kukaa.

"Mimi ni yule dada wa dukani. Kile kisanduku nilijua kina kasoro, nikakuficha. Kilete tukubadilishie." Maneno yalikuwa hayo hayo, na kila mara yalimkwaruza upya. Mmoja alimtukana, naye Mshauri akasubiri mpaka matusi yakaisha. Mmoja alicheka tu, akasema alishakifanya kizuizi cha mlango. Mama mmoja akasema, "Dada, mimi na mume wangu hatujasemeshana siku nne. Nilimwambia yeye ndiye aliyekiharibu." Yule mzee wa koti la kahawia alikuwa wa nane.

"Ahsante, binti," alisema. "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimezeeka."

Baada ya simu ile alikaa chini, juu ya boksi la feni, akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

Wa tisa hakupokea. Jumapili alasiri akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, kitambaa tu kichwani, gauni la kawaida la kazi. Fundi alifungua mlango nusu.

"Mama amepumzika," alisema.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani. Neno moja, safi.

Fundi alitazama pembeni. Kudanganya kulimshinda. Akasogea.

Mshauri alivuka sebule, akaketi sakafuni mbele ya kile kiti, mahali watoto wa kwenye video walipokuwa wakiketi, ingawa hilo hakulifikiria. Alitaka tu awe chini.

"Mama," alisema, "siku ile televisheni ilipokuwa kimya, masikio yako yalikuwa mazima. Na mwanao hakukosea kitu. Kisanduku kilikuwa na kasoro, mimi nilijua, na nikamwuzia. Aliporudi nikamwambia hajui kubonyeza. Nilimwacha aamini hivyo wiki nzima, mbili, tatu. Mwanzo nilimwogopa bosi wangu. Baadaye nilitaka aendelee kuja. Nilikuja hapa, nikakuona umegeuka ukutani, na bado nikanyamaza. Sina cha kujitetea. Nimekuja ulijue kutoka kwangu."

Mama alimtazama. Jicho moja lilikuwa na uzito, la pili kali kama la mwalimu yeyote aliyewahi kumkuta mtoto na chaki mdomoni. Midomo ilihangaika. Fundi alisimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani, hakusaidia.

"M-baya," mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mbaya." Akapumua. "Sana."

"Ndiyo, mama."

Mkono wa kushoto wa mama ukainuka, ukaelekea kwenye diski aliyokuja nayo Mshauri.

"Ma-liza," akasema.

Zilibaki video kumi na saba. Mshauri akaichukua tena diski.

Fundi alimsindikiza mpaka mwisho wa ngazi. Hapo akasimama, akachezea kioo chake shingoni.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Mama ana moyo wake, mimi nina wangu. Jambo linaloniuma si kisanduku. Nilikuwa nakueleza aibu yangu, nawe unanimiminia chai."

"Najua."

"Usinipigie. Nikiweza, nitapiga mimi."

Wiki tatu simu haikulia kwa jina lake. Kila jioni Mshauri alimaliza kupanga maboksi, akabadili video moja pale ilipowezekana, akarudi nyumbani, akala na dada yake, akalala. Hakujaribu kupita mtaa wa jengo la bima. Siku ya ishirini na mbili, saa sita mchana, simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni.

"Upo wapi?" Fundi aliuliza.

"Stoo. Nimezungukwa na pasi arobaini."

"Zimekunyoosha?"

"Kidogo."

Fundi akakohoa. "Nimefikiria. Zile zilizobaki usizibadili tena. Kwa nini video ziteseke kwa ajili ya mashine mbovu? Tununue mashine inayozifaa. Nataka kwenda duka lingine, na sitaki ushauri wako."

"Sitatoa."

"Lakini uje. Ubebe diski."

Walikutana Jumamosi mbele ya duka kubwa la mtaa wa juu. Yeye alivaa sketi nyeusi na shati jeupe, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Fundi alikuwa amechana nywele. Walisalimiana kwa mikono, kama wageni, wakaingia.

Muuzaji, kijana mwenye tai fupi, aliwapokea kwa maneno mengi. Fundi akamnyamazisha kwa upole. Akauliza kisanduku alichoonyeshwa kinasoma faili za kamera za miaka ipi. Akauliza kinakubali sauti za aina gani. Akauliza kama kinakumbuka mtu alipoishia kutazama, kama diski kubwa hakiikatai, kama maandishi yake yanaweza kukuzwa. Kisha akaomba rimoti, akafumba macho, akaipapasa kwa mkono wa kushoto pekee. Mshauri alisimama nyuma yake na diski, akijua kila swali, akifunga mdomo. Aibu ilikuwa bado naye, imekaa begani kama mtu waliyekuja naye.

"Hiki kinasoma kila kitu," muuzaji akasema.

Fundi alitazama chini. Mshauri naye akatazama chini.

"Tujaribu kwanza," Fundi akasema.

Diski ikachomekwa. Fundi alichagua video ya zamani kuliko zote, ile ya kamera ya kuazima. Picha ilikuja imefifia, ikaruka mara mbili, ikatulia: mwanamke kijana wa gauni jekundu mbele ya watoto, anapiga makofi. Na sauti ikatoka, nene, ya kushiba, ikajaa duka zima, ikahesabu moja mpaka kumi huku watoto wakiifuata. Watu waliokuwa wakichagua majokofu waligeuka. Mama mmoja akaanza kuhesabu nao bila kujijua.

"Anajua kufundisha huyo," muuzaji alisema akitabasamu. "Ni nani?"

"Mama yetu," Mshauri akasema.

Lilimtoka lenyewe. Akasikia alichokisema, damu ikampanda usoni, akashika ukosi wa shati. "Samahani. Mama yake. Nilitaka kusema mama yake."

Fundi alikuwa ameinama kwenye rimoti, anahesabu vitufe kwa kidole gumba. Hakuinua kichwa.

"Acha hivyohivyo," akasema. "Ila tukifika nyumbani, ukamwambie mama mwenyewe."